Waliokataa Bunduki Zote Mbili

Nisikilize, wewe wa Kaptembwa, nawe wa Molo uliyejifunika blanketi saa hizi za ukungu, nawe uliye ndani ya matatu pale njia panda ya Lanet, dereva ameongeza sauti kidogo. Asante, dereva.

Nianzie hapo hapo Lanet. Ijumaa jioni, tarehe 24 Januari 1964, askari wa kikosi cha 11 cha Kenya Rifles walikaa kambini mbele ya televisheni. Bendera yetu ilikuwa na umri wa wiki sita. Habari ilikuwa imezunguka kambini kwamba Waziri Mkuu, Mzee Jomo Kenyatta, angehutubia taifa jioni ile na kutangaza nyongeza ya mshahara. Wakangoja. Mzee hakuonekana. Mwanahistoria Timothy Parsons, aliyeandika kitabu kizima juu ya maasi ya mwaka ule, anasema huenda hotuba ile ilipita redioni peke yake kwa watu wa upande huu wa Nakuru. Ndiyo hivyo. Watu walikodolea macho kioo, na maneno yakapita hewani kwenye chombo kingine. Sisi wa redio tungewaambia, lakini hawakutuuliza.

Hasira ikalipuka, silaha zikachukuliwa, na serikali changa ya Mwafrika ikalazimika kuwaita wanajeshi wa Uingereza waliokuwa bado nchini waje kuituliza kambi ya jeshi lake yenyewe. Baadaye mahakama mbili za kijeshi zikasikiliza kesi za askari 43. Kikosi cha 11 kikavunjwa, jina lake likafutwa. Askari 340 ambao makachero waliona hawana hatia wakaundiwa kikosi kipya kilichoitwa 1 Kenya Rifles.

Tangu siku ile, ukiuliza hapa mjini Nakuru habari ya askari aliyekataa amri, jibu ni moja. Nimeuliza kwa kinyozi, nimeuliza stendi, nimeuliza baada ya ibada. "Aa, Lanet ile!" Basi leo nimekuja kubishana na jibu hilo.

Siwadharau wale wa Lanet. Siku nne kabla yao, tarehe 20, wenzao wa Tanganyika walikuwa wameasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, inayoitwa Lugalo siku hizi. Tarehe 23 ikawa Jinja, Uganda. Kote kilio kilikuwa kimoja: mshahara mdogo, na maafisa wa Kizungu ambao bado walikuwa wanatoa amri baada ya Uhuru. Madai ya haki kabisa. Lakini tuseme ukweli, askari wa Lanet hakukataa kupigana. Alikataa kupigana kwa bei ile. Kama Mzee angetokea kwenye kioo na kutaja shilingi, askari yule angelala usingizi wake na asubuhi angesimama gwaride.

Kuna mtu mwingine ninayemtafuta. Huyu haombi nyongeza. Haombi cheo. Anasema: nipeni jembe, nipeni machela nibebe majeruhi, nifungeni jela mkitaka, lakini chuma cha kumuua mwenzangu sikishiki. Kiswahili chetu, chenye jina la kila aina ya ndizi, mtu huyu hakijampa jina. Tunaye mwasi, tunaye mtoro, tunaye mwoga, tunaye msaliti. Huyu tunamzungukazunguka kwa maneno: mtu aliyekataa jeshi kwa sababu ya dhamiri yake. Na hata hiyo dhamiri tunaichanganya. Kila siku nawasikia watangazaji wenzangu wakisema "dhamira" wakitaka kusema "dhamiri". Dhamira ni nia, ni kile unachokusudia kufanya. Dhamiri ni yule anayekuamsha saa tisa usiku baada ya kukifanya. Waliotafsiri Biblia kwa Kikuyu walipofika kwenye neno hilo waliliazima hili hili letu, wakaandika thamiri. Kwa hiyo jambo lenyewe si geni Bonde la Ufa. Lina neno. Asiye na neno ni mtu wake.

Tupitie haraka Vita Vikuu vya Kwanza. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwachukua Waafrika kwa nguvu kuwa wapagazi wa jeshi, wale tunaowakumbuka kwa jina la Kariokor pale Nairobi, na wenzetu wa Dar kwa Kariakoo. Zaidi ya 40,000 hawakurudi, wengi wao wakiwa wameuawa na kuhara na malaria, si na risasi. Watu walitoroka, walijificha msituni, walijilemaza. Hiyo sitaiita dhamiri. Ni akili timamu.

Lakini kisa kimoja cha vita vile hunisumbua. Mwaka 1918, serikali iliamua kuwaandikisha jeshini kwa lazima morani wa Kimaasai. Morani walikataa, na kule Ololulung'a, Narok, askari wa King's African Rifles wakawafyatulia risasi. Sasa fikiria. Morani hao walikuwa wa tawi la Wapurko, ambao miaka michache nyuma walihamishwa kwa shinikizo kutoka Laikipia, baada ya mkataba wa 1904 kuwa umeshawatoa kwenye nyanda hizi za Nakuru na Naivasha ili walowezi wapate mashamba. Hakuna mtu duniani aliyewahi kumwita morani mwoga. Kupigana kulikuwa ndiyo shughuli ya rika lake. Alichokataa ni kugeuzwa mkuki wa mtu mwingine, apelekwe kupigana na asiyemjua kwa niaba ya aliyemnyang'anya malisho. Je, hiyo ni dhamiri? Wanasheria wa Ulaya watasema hapana, kwa sababu hakupinga vita vyote. Mimi nasita. Nitarudi kwenye hilo la "vita vyote", maana ndipo penye mtego.

Sasa tufike kwenye kiini. Miaka ya Hali ya Hatari.

Gavana alitangaza Hali ya Hatari dhidi ya uasi wa Mau Mau tarehe 20 Oktoba 1952. Wakati huo mashamba ya walowezi kuanzia Naivasha, Gilgil, Bahati, Subukia, Njoro, Elburgon hadi Molo yalijaa maskwota wa Kikuyu, wengine wakiwa wamezaliwa huku bila kuiona Murang'a wala Nyeri. Kiapo cha umoja kilikuwa kimeenea huku mapema. Watu wa Olenguruone, walioapa na kukataa masharti ya serikali juu ya ardhi yao mpaka wakafukuzwa kufikia mwaka 1950, walikuwa wameshaonyesha njia. Usiku wa 26 Machi 1953, kikosi cha Mau Mau kikiongozwa na Mbaria wa Kaniu kilivamia kituo cha polisi cha Naivasha, kikachukua silaha na kuwafungulia wafungwa 173. Usiku huo huo yakatokea mauaji ya Lari, ambako Wakikuyu waliuana. Kuanzia hapo, hapakuwa na uwanja wa katikati. Serikali iliimarisha Homgadi, mgambo wake wa Kikuyu, ambao wanakijiji waliwaita kamatimu kwa sababu ya mikuki waliyoanza nayo kabla ya kupewa bunduki. Msituni walikuwa wanaume wengine wenye bunduki, nyingine za kutengeneza kwa bomba la maji na kitasa cha mlango. Kila mwanamume aliulizwa swali moja na pande mbili: uko na nani?

Na palikuwa na watu waliojibu: hatuko na bunduki yoyote.

Ni Wapendwa. Wewe wa umri wangu unawafahamu: wale wa "Bwana asifiwe", wale wa wimbo wa Tukutendereza, wanaosimama mbele ya watu na kutaja dhambi zao kwa majina hadi wewe msikilizaji unaona aibu kwa niaba yao. Uamsho wao ulianzia Rwanda na Uganda, ukaingia Kenya mwaka 1937 kupitia Kabete, ukapenya katika Anglikana na Presbiteri. Mababu wengi wa kanisa la nchi hii walitoka humo: Obadiah Kariuki, aliyewekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1955, alikuwa Mpendwa, na Heshbon Mwangi wa Weithaga, Murang'a, alikuwa mmoja wa viongozi wao.

Kiapo cha Mau Mau walikikataa. Hoja yao ilikuwa ya damu: aliyeoshwa kwa damu ya Yesu hawezi kuonja damu ya mbuzi kwa kuapia kuua. Kwa hilo baadhi yao walipigwa, baadhi waliuawa. Hadi hapo serikali iliwapenda sana. Iliwaona kuwa ni watu wake, Wakikuyu waaminifu. Ikawaletea bunduki.

Bunduki hiyo nayo wakaikataa.

Hapo ndipo afisa wa wilaya alipokuna kichwa. Huyu si Mau Mau, kwa maana amekataa kiapo mbele ya panga. Lakini mbona hataki kujilinda? Jibu la Wapendwa lilikuwa kwamba yule kijana wa msituni naye Kristo alimfia, na ukimpiga risasi kabla hajatubu umemfungia mlango. Wengi walilipa gharama ya jibu hilo kwa kutiliwa shaka na pande zote mbili. Kwa kamatimu, mtu asiyeshika zamu ya ulinzi anaficha kitu. Kwa watu wa msituni, mtu asiyeapa ni mpelelezi. Akirudi nyumbani kutoka ibada anakutana na doria upande huu na doria upande ule, na mkononi ana Biblia na tochi.

Si wote walishikilia msimamo huo; Wapendwa ni watu, na mtu akiona nyumba ya jirani ikiwaka moto hubadili mawazo. Palikuwa na waliopokea silaha, na mjadala ule uliwagawanya.

Mjadala wenyewe si mwepesi, msikilizaji. Mwaka 1954 watu wa mkoa wa kati walikusanywa kwa nguvu katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miti iliyochongwa ncha, na mnara wa homgadi juu. Mpendwa asiye na bunduki naye alilala humo. Ukilala ndani ya handaki linalolindwa na bunduki ya mwenzako, je, umekataa bunduki au umeazima ya jirani? Ningekuwa kamatimu wa zamu usiku wa baridi, na ndani kuna mtu anaimba Tukutendereza chini ya blanketi, swali hilo ningemuuliza, tena kwa ukali.

Na wewe ambaye baba yako alikuwa msituni, najua unachosema sasa hivi kwenye kiti chako. Unasema: hawa walikula uhuru ambao hawakuupigania. Ardhi iliibwa, watu wakasimama, wao wakaimba. Sitakuambia umekosea. Aliyekataa bunduki zote mbili hakuwa nje ya vita. Kukataa kwake kulikuwa na uzito kwenye mizani, na mara nyingine mizani iliegemea upande wa mkoloni. Wao wenyewe walijua. Lakini nakuomba jambo moja: usimwite mwoga. Mwoga angechukua bunduki ya upande uliokuwa karibu zaidi. Ndivyo walivyofanya watu wengi wa kawaida miaka ile, tukisema ukweli wa nyumbani, na ndugu wa tumbo moja wakaishia mmoja mnarani na mwingine msituni.

Utauliza Nakuru inaingiaje, ilhali Weithaga ni ng'ambo ya Nyandarua. Inaingia kwa lori. Katika miezi ile ya 1952 na 1953 walowezi na serikali waliwafukuza Wakikuyu wa Bonde la Ufa maelfu kwa maelfu, hasa waliokataa kupigwa picha kwa ajili ya kipande kipya. Walipitishwa kwenye kambi za muda hapa Nakuru, Gilgil na Thomson's Falls, ambayo leo ni Nyahururu. Lori halikuuliza nani ameapa na nani ameokoka. Wapendwa wa mashamba ya huku wakatupwa Murang'a na Kiambu, ambako hawakuwa na shamba wala rafiki, na huko ndiko wakakutana na lile swali la uko na nani. Vita vilipokwisha, wengi wakarudi. Watoto wao ndio wazee wa kanisa wa Bahati na Njoro leo.

Sasa nikuonyeshe jambo linaloniudhi. Miaka hiyo hiyo, Uingereza ilikuwa inawaandikisha vijana wake jeshini kwa lazima. Wengi wa "majoni" waliotembea na bunduki kwenye vijiji vyetu walikuwa vijana wa miaka kumi na tisa walioletwa kwa sheria hiyo. Lakini sheria ile ile ilimpa kijana wa Manchester mlango: ukiwa na kizuizi cha dhamiri, unakwenda mbele ya jopo, unaeleza imani yako, na jopo linaweza kukupa kazi ya hospitali au ya shamba badala ya jeshi. Mlango huo ulifunguliwa kwao tangu 1916, katikati ya Vita Vikuu vya Kwanza, na watu wapatao 16,000 wakaupitia au wakajaribu. Baadhi walifungwa, na zaidi ya 30 walihukumiwa kifo kisha wakapunguziwa. Basi kijana wa Kanisa la Friends, yaani Quaker, kule kwao alikuwa na jopo, fomu na siku ya kusikilizwa. Mpendwa wa Murang'a, chini ya bendera hiyo hiyo na malkia huyo huyo, alikuwa na afisa wa wilaya tu. Kwa sababu kwenye karatasi homgadi alikuwa mtu wa kujitolea. Huwezi kuomba kuondolewa kwenye kitu ulichojitolea, hata kama umejitolewa.

Haki ya mtu nayo isemwe: wapo wazungu waliokataa. Kanali Arthur Young aliazimwa kutoka polisi wa London mwaka 1954 aje kuwa Kamishna wa Polisi wa Kenya. Alipoona homgadi na polisi wakitesa na kuua na serikali inafumba macho, alitaka wachunguzwe. Alipozuiwa, alijiuzulu Desemba ile ile, hajamaliza hata mwaka, na barua yake ikafichwa. Hakuwa mpinga vita. Alikuwa askari hadi kwenye mifupa. Alikataa tu kuwa askari wa namna hiyo.

Tuvuke miaka. Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982. Wengi wenu mnaikumbuka kwa sababu ya redio, tena: sauti iliyotangaza kwamba serikali imepinduliwa. Nitawapeleka Nanyuki, ambayo siku zile ilikuwa Laikipia ya Mkoa wetu wa Bonde la Ufa. Kwenye kituo cha jeshi la anga, Koplo Bramwel Injeni Njereman aliwashikia silaha marubani watatu, Meja David Mutua, Kapteni John Mugwanja na Kapteni John Baraza. Amri: rusheni ndege za kivita, mkapige mabomu Ikulu ya Nairobi na makao makuu ya GSU.

Wangekataa pale pale chini, wangepigwa risasi, na labda angepatikana mwingine. Kwa hiyo walitii. Waliruka. Meja Mutua alijua kwamba koplo aliyepanda pamoja nao hajawahi kuonja ndege ya kivita. Wakaanza kupinda, kupanda na kuporomoka hewani, mizunguko ambayo mwili usiozoea hauistahimili, mpaka aliyeshika silaha hakujua juu ni wapi na chini ni wapi. Mabomu yakaangukia msitu wa Mlima Kenya. Nairobi haikupigwa hata bomu moja. Njereman alinyongwa Kamiti mwaka 1987, pamoja na Hezekiah Ochuka, kiongozi wa jaribio lile la mapinduzi, na wenzao.

Utasema hiyo ni hila, tena hila ya kuitetea serikali halali. Dhamiri iko wapi? Mimi naona hivi. Chini ya mabomu yale palikuwa na mji wenye watu Jumapili asubuhi. Marubani walikuwa na kisingizio kizuri kuliko vyote duniani: nilishikiwa bunduki. Kila mahakama ingewaelewa. Hawakukitumia. Tofauti yao na Mpendwa wa 1953 ni kwamba upande wao ulishinda, kwa hiyo hakuna aliyewaita wasaliti. Hilo ni suala la bahati, halihusiani na dhamiri hata kidogo.

Mimi si wakili, lakini jana usiku nilikaa na Katiba mbili mezani, chai ikapoa. Ile ya zamani, kifungu cha 73, ilipopiga marufuku kazi ya lazima, ilitaja pembeni kabisa kwamba haihesabiwi kuwa kazi ya lazima ile ambayo sheria inampa mtu badala ya jeshi, ikiwa dhamiri yake inamkataza kuwa askari. Msikilizaji, huyo ni mtu wangu! Alikuwemo kwenye Katiba ya nchi hii kwa miaka mingi, nchi ambayo tangu Uhuru haijawahi kumwandikisha mtu jeshini kwa nguvu. Alikuwa mgeni aliyetengewa kiti, harusi haikufanyika. Katiba ya 2010 ikafupisha kifungu hicho, kiti kikaondolewa.

Lakini Katiba hiyo mpya ilifanya jambo lingine, na sijasikia likizungumzwa sana. Kifungu cha 32 kinalinda uhuru wa dhamiri, na kinasema mtu asilazimishwe kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Kisha ukienda kifungu cha 24, unakuta orodha ya haki ambazo sheria inaweza kuwapunguzia wanajeshi na polisi. Imo haki ya faragha. Zimo haki za kujumuika na kuandamana. Imo haki ya wafanyakazi, pamoja na mgomo, yaani kile hasa walichokifanya wale wa Lanet. Dhamiri haimo kwenye orodha ile. Zipo njia nyingine za kuweka mipaka, wakili atanisahihisha, na uasi na kukaidi amri halali vinabaki kuwa makosa makubwa katika sheria ya jeshi ya 2012. Ila waandishi wa Katiba, kwa kujua au kwa bahati, walichora mstari pale pale ninapouchora mimi leo, kati ya mshahara na moyo.

Tuna kijana mtaani kwetu anayekimbia kila alfajiri kuelekea Menengai akingojea usajili wa makurutu. Nilipomweleza habari hizi alicheka. "Mzee, mimi natafuta kazi. Nikipata ndio nitafute dhamiri." Sikuwa na jibu la haraka. Jeshi la kujitolea katika nchi isiyo na ajira si la kujitolea kama tunavyojidai. Nilimwambia tu kwamba mlango wa kuingia ni mpana, foleni inaanza usiku. Wa kutoka kwa sababu ya moyo haujatengenezwa.

Kama angekuwa Eritrea asingecheka. Huko kila kijana huchukuliwa, na utumishi ulioandikwa miezi kumi na minane umekuwa hauna mwisho tangu vita vya 1998. Paulos Eyasu, Isaac Mogos na Negede Teklemariam, Mashahidi wa Yehova, walikamatwa tarehe 17 Septemba 1994 kwa kukataa silaha. Hawakufunguliwa mashtaka. Waliachiliwa tarehe 4 Desemba 2020. Piga hesabu mwenyewe: miaka 26. Walioingia vijana walitoka wakiwa wanaelekea uzeeni, na katika muda huo wote mlinzi angewafungulia kama wangesema neno moja tu, "nipe".

Na wale watoto wetu walio Marekani waliojiunga na jeshi la huko ili wapate karatasi na karo ya chuo, kwao mlango upo. Askari anaweza kuandika maombi, akahojiwa na kasisi na daktari wa akili, akaachiliwa. Ila lazima apinge vita vyote. Akisema "vita hivi ndivyo sivitaki", maombi yanakwisha hapo. Bondia Muhammad Ali alipokataa kuandikishwa mwaka 1967 alinyang'anywa mkanda na kuhukumiwa jela, na alikuja kusafishwa na Mahakama ya Juu mwaka 1971. Hilo la "vita vyote" ndilo nilisema nitalirudia. Morani wa Ololulung'a, kwa sheria hii, angekosa. Alipenda vita. Alivikataa hivyo vya mkoloni tu. Nami bado naona alikuwa na haki kuliko sheria ilivyo tayari kukiri.

Nimalizie karibu zaidi, mahali panapouma. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi. Kuanzia tarehe 24, siku ile ile ya Lanet, miaka 44 baadaye, mji huu uliwaka. Hatukuwa na jeshi la lazima, lakini wewe uliyekuwa hapa unajua kilichopita mlangoni: kila nyumba itoe mwanamume, na asiyetoka atajulikana yuko upande gani. Lile swali tena, kwa Kikuyu, kwa Kikalenjin, kwa kila lugha ya mji. Wapo waliotoka. Wapo waliotoa pesa badala ya mtoto. Na wapo waliofunga mlango kwa ndani, wengine wakiwa na jirani wa kabila lingine chini ya kitanda, wakasema sitoki. Vitabu vimeandikwa juu ya waliotoka, tume ikakaa, kesi zikafika hadi Hague. Waliofunga mlango wanapika chapati kule Free Area na kuendesha bodaboda kule Rhonda, na majirani wao wanajua, na hawasemi, kwa sababu kusema ni kuwataja pia waliogonga.

Ndiyo maana nataka simu zenu. Mpendwa aliyekataa bunduki mbili akiwa na miaka ishirini leo amepita tisini, kama yupo. Jalada la serikali halikumwandika, kwa sababu halikuwa na safu yake. Kama ni baba yako, kama ni cucu, yaani nyanya yako, aliyelala shambani badala ya handakini, kama ni wewe wa mlango uliofungwa mwaka 2008 na huogopi kusema bila kutaja jina, nambari ni ile ile. Tunaanza baada ya taarifa ya habari. Na tafadhali, ukipiga, punguza sauti ya redio yako kwanza.